Kuondolewa Katika Wadhifa wa Mwizi, Kidato cha Nne Mashariki

Phelesia Adoyo,
Muhuru Bay.
14 Machi 2025.

Kwa Mwenyekiti,
Bodi ya Usimamizi,
Shule ya Sekondari ya Wasichana ya Got Oyieko.

Kwako Mzee Zadock, Mwenyekiti wetu,

KUH: OMBI LA KUONDOLEWA KATIKA WADHIFA WA MWIZI

Pokea salamu zangu za heshima. Mimi ni yule msichana aliyekushikia mwavuli siku ulipozindua tangi la maji. Huenda hunikumbuki, kwa kuwa nilikuwa nyuma ya mwavuli. Nilimaliza shule yako Novemba iliyopita. Naandika barua kwa sababu kusema mbele ya watu hunishinda. Nilikuja kwako mara mbili mwezi huu, na mara zote mbili nikausalimia mlango kwa adabu na kurudi nyumbani.

Jambo lenyewe ni hili. Mwezi uliopita nilichukua cheti changu cha kumaliza shule. Kwenye mstari wa "Nyadhifa alizoshika" pameandikwa: "Mwizi, Kidato cha Nne Mashariki, muhula wa pili. Alitekeleza majukumu yake kwa uaminifu." Chini kuna mhuri wa shule na sahihi ya Mwalimu Mkuu.

Mzee, sijawahi kuiba kitu cha mtu. Naomba niondolewe katika wadhifa huo kabla ya Jumatatu tarehe 24, kwa maana siku hiyo Bi Hadiya, mwenye duka la vitambaa mjini Homa Bay, ataamua kama ataniajiri au atamchukua msichana mwingine. Malalamiko yangu nimeyapanga kwa nambari, jinsi tulivyofundishwa kuandika barua rasmi, ingawa mengine yamekuwa marefu kuliko tulivyofundishwa.

1. Kuhusu somo lenyewe. Mwaka jana vitu vilianza kupotea shuleni. Kwanza vijiko, kisha balbu ya chooni, kisha kengele, tukawa tunaitwa darasani kwa kupigiwa sufuria. Mwalimu Mkuu akatangaza asubuhi, tukiwa tumepanga mistari: "Mtoto akijua kwa nini watu huiba, ataona aibu na ataacha." Kipindi cha Stadi za Maisha kikapewa Mwalimu Masese, mwanafunzi wa ualimu aliyekuja mazoezini kutoka chuo kikuu na daftari nene la nadharia za uhalifu. Sina neno baya na Mwalimu Masese. Alikuwa mpole na alivaa tai hata Jumamosi. Ila naomba Bodi itambue kwamba kabla ya somo lile wezi wetu walikuwa wachache na hawakuwa na sababu. Kufikia mwisho wa mwezi sababu zilikuwa nyingi mno. Vilivyopungua ni vitu.

2. Kuhusu kupimwa vichwa. Nadharia ya kwanza ilisema kwamba mhalifu huzaliwa mhalifu, na kwamba utamjua kwa taya pana, masikio makubwa na mikono mirefu. Mwalimu Masese alieleza wazi kwamba wasomi waliikataa nadharia hiyo zamani sana. Bahati mbaya alilieleza hilo mwanzoni kabisa mwa kipindi, wakati wengi wetu tulikuwa bado tunatafuta kalamu.

Tukaazima utepe wa fundi kutoka chumba cha Sayansi Kimu, tukapimana. Mimi niliwekwa kuandika vipimo kwa sababu ya mwandiko wangu. Wasichana arobaini na watatu walipimwa na hakupatikana mhalifu hata mmoja. Ndipo akaingia Bwana Angwenyi, Mwalimu wa Nidhamu, kuuliza kelele ni za nini. Mwalimu Masese, kwa kutaka kumheshimu mkubwa wake, akamkaribisha naye apimwe.

Matokeo sitayaandika, kwa heshima ya familia yake. Nitasema tu kwamba Bwana Angwenyi alilichukua daftari langu siku hiyo na hajalirudisha mpaka leo. Kitendo hicho kinaitwaje sijui. Hatukufika kwenye nadharia inayokihusu.

3. Kuhusu mkazo. Nadharia ya pili ilisema kwamba jamii humwonyesha mtu lengo zuri, kisha ikamnyima njia ya kulifikia, naye akajitafutia njia yake. Siku mbili baadaye rafiki yangu Scovia, ambaye alikuwa kiranja wa bwalo, alikutwa na mandazi sita ya walimu ndani ya sweta. Bwana Angwenyi akamsimamisha nje ya chumba cha walimu.

"Eleza!"

"Ni mkazo, mwalimu. Jamii imenipa lengo lakini haijanipa njia."

"Lengo gani?"

"Mandazi."

"Na njia ukaipata wapi?"

"Dirishani, mwalimu."

Bwana Angwenyi akampa bustani ya sukumawiki alime. Tangu hapo hakuna aliyekamatwa akasema "nisamehe". Waliochelewa kuamka walikuwa na mkazo. Hata paka wa jikoni alisemekana kuwa na mkazo.

4. Kuhusu madirisha. Tulifundishwa kwamba dirisha moja lililovunjika, likiachwa hivyo, hualika uhalifu mwingine. Mwalimu Mkuu alipolisikia hilo akaagiza kwamba madirisha yote yaliyovunjika yaondolewe. Yaliondolewa. Sasa ni matundu.

5. Kuhusu marafiki. Nadharia nyingine ilisema kwamba uhalifu hufunzwa na watu wa karibu, kama mtu anavyofunzwa kushona. Utawala ukaamua kwamba marafiki wote watenganishwe, wasikae dawati moja wala bweni moja. Wenzangu hawakuumia sana, kila mmoja alikuwa na marafiki sita au saba, akibakiwa na watatu si haba. Mimi nilikuwa na Scovia peke yake, na ilinichukua miaka mitatu na nusu kumpata. Nilihamishiwa dawati la nyuma, karibu na ndoo ya maji. Naihakikishia Bodi kwamba ndoo haikunifunza uhalifu wowote.

6. Kuhusu kupachikwa jina. Hiki ndicho kifungu kikuu, Mzee, na kama una haraka soma hiki tu.

Mwalimu Masese alitufundisha kwamba ukimwita mtu mwizi kila siku, na kila mtu akamtazama kama mwizi, mwishowe ataishi kama mwizi. Alitaka tuone kwa macho yetu. Alihitaji mwanafunzi mmoja avae shingoni kadi yenye neno MWIZI kwa wiki moja, darasa zima limtendee hivyo, na Ijumaa tuzungumze tulichojifunza. Akanichagua mimi. Alisema hakuna atakayeamini kwamba mimi ni mwizi, kwa hiyo jaribio litakuwa la haki. Kisha akaniuliza kama napinga. Mimi hupinga polepole sana, na kipindi kilikuwa cha dakika arobaini.

Jina langu na cheo changu kipya vikaandikwa kwenye karatasi ya nyadhifa ukutani, ili kila mtu ajue. Jumatatu wasichana walicheka. Jumanne mpishi alinipakulia githeri akiwa ameishika sahani upande wa pili, na hakuiachilia mpaka nilipomaliza kula. Jumatano msichana wa Kidato cha Kwanza alinivizia nyuma ya maktaba akaninong'oneza, "Dada, samahani, sabuni yangu imeibwa. Unaweza kuwaambia wenzako wanirudishie?" Nilimwambia sina wenzangu. Akasema, "Sawa, nimeelewa," akanikonyeza. Viranja ambao kwa miaka minne hawakujua jina langu sasa walilijua pamoja na la baba yangu. Nilipoingia bwaloni watu waligeuka. Nikajikuta natembea karibu na ukuta na kuangalia nyuma, ingawa nyuma hapakuwa na mtu.

Alhamisi chuo kikuu kikamwita Mwalimu Masese arudi, mazoezi yake yamekwisha. Aliondoka kwa bodaboda kabla ya chakula cha mchana, begi mgongoni, tai ikipepea. Ijumaa ilifika kwenye kalenda lakini haikufika kwenye jaribio. Nilipouliza ni nani atanivua kadi, nikaambiwa aliyeitundika ndiye mwenye idhini ya kuitungua. Niliivaa wiki mbili zaidi, mpaka mvua ilipofuta wino.

7. Kuhusu nadharia ambayo hatukufundishwa. Kwenye ratiba ya Mwalimu Masese, wiki ya sita ilikuwa ya uhalifu wa watu wenye vyeo na ofisi. Wiki ya sita tulifagia uwanja.

8. Kuhusu nyanya yangu. Dani, kama tunavyomwita nyanya kwetu, ndiye aliyenilea, na hasomi. Likizoni, mdogo wangu alipomwambia kwamba nimepata wadhifa shuleni, hakungoja kusikia ni wadhifa gani mpaka alipokuwa tayari amesimama mbele ya kikundi cha kina mama wa kanisa. Unajua, Mzee, kwetu mtu akisimama kujisifu hataki kukatizwa. Dani alijisifu kwa majigambo yote ya pakruok anayoyajua, kwa ukoo wake, kwa ng'ombe wa baba yake, kisha akanigeukia kwa sauti ndogo: "Wamekupa cheo gani, nyathina?" Kwa Dholuo neno la mwizi ni fupi sana. Nikamwambia. Akafikiri kidogo, na kwa kuwa hakuweza tena kurudi nyuma, akainua mkono na kumalizia: "Mimi ndiye dani wa jakuo! Jakuo wa Kidato cha Nne! Mmoja tu katika darasa zima!"

Walipiga vigelegele. Lakini sasa nikipita ufuoni wanawake wanaoanika omena husalimia kwa furaha, "Jakuo, amosi!" na huku wanavuta beseni karibu na miguu yao. Naona wanafanya yote mawili kwa moyo safi.

9. Kuhusu Bi Hadiya. Kazi yenyewe ni kupima na kukata vitambaa na kufungua duka asubuhi. Ni kazi inayonifaa, kwa sababu kitambaa hakikuulizi kitu. Bi Hadiya alikipokea cheti changu, akavaa miwani, akasoma, akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa leso, akasoma tena.

"Mwanangu," akasema, "nimefanya biashara miaka ishirini, Mombasa mpaka hapa. Wezi wamenijia wengi. Wewe ndiye wa kwanza kuja na cheti."

"Tena chenye mhuri," akasema mumewe, Bwana Faruk, kutoka nyuma ya cherehani.

"Na ametekeleza kwa uaminifu, Faruk. Hapo ndipo ninapoogopa mimi. Afadhali angekuwa mvivu."

Nilitaka kumweleza nadharia ya kupachikwa jina tangu mwanzo hadi mwisho. Nilifungua mdomo, likatoka neno moja tu: "Masese."

"Masese ndiye mwenzako?" akauliza.

Hata hivyo, Bi Hadiya ni mama mwenye huruma. Alinipa chai ya tangawizi, akakaa nami nje ya duka, sio ndani, na akasema nikileta cheti kilichosahihishwa kufikia tarehe 24 atanipa kazi na funguo. Nisipoleta atamchukua binti wa jirani yake, ambaye hana wadhifa wowote.

10. Kuhusu ofisi. Nilirudi shuleni. Trizah, karani, alinieleza bila ubaya wowote kwamba alinakili nyadhifa kutoka karatasi ya ukutani. Scovia, kiranja wa bwalo. Phelesia, mwizi. "Mimi nanakili kilichopo," alisema. "Kingekuwa Rais ningeandika Rais." Maneno ya "kwa uaminifu" huwekwa kwa kila mtu. Kubadilisha cheti hawezi, kwa sababu kubadilisha cheti ni kosa la jinai, na hangependa kuingizwa katika mambo yangu.

Mwalimu Mkuu naye alinisikiliza nikiwa nimesimama, kwa sababu kiti cha wageni kilipotea mwaka jana. Alisema wadhifa haufutwi, wadhifa hukabidhiwa. Akauliza kumbukumbu za makabidhiano ziko wapi, vifaa vya kazi nimemwachia nani, na mwizi wa sasa ni yupi. Nikasema sijui. Akatikisa kichwa akasema, "Unaona sasa? Hata kwa wadhifa mdogo mnashindwa na uwajibikaji."

11. Kuhusu haki. Scovia yuko Awendo, kwenye ghala la sukari la mfanyabiashara mmoja. Cheti chake kinasema "Kiranja wa bwalo, alitekeleza majukumu yake kwa uaminifu." Wamempa funguo za ghala. Nimefurahi sana kwa ajili yake, naye alinitumia picha ya funguo. Lakini naomba Bodi iweke vyeti vyetu viwili mezani, kimoja kando ya kingine, na ivitazame tu bila kusema kitu kwa dakika moja.

Kwa sababu hizo zote, Mzee Mwenyekiti, naomba Bodi ichague moja kati ya yafuatayo.

Kwanza, niitwe shuleni asubuhi yoyote kabla ya tarehe 24, nikabidhi wadhifa kwa mwizi mpya mbele ya wanafunzi, kwa kupeana mikono na kupigwa picha. Uchaguzi uwe huru. Wakikosekana wa kugombea, basi ulizeni vijiko viko wapi, nadhani orodha ya wagombea itajaa.

Pili, ikiwa wadhifa hauwezi kukabidhiwa, basi cheti kifanywe kuwa kweli. Bodi iniruhusu kuiba kitu kimoja cha shule, kwa barua, siku na saa ya kazi. Napendekeza ile ramani ya dunia ambayo mchwa wameila Australia. Nitaiiba kwa uangalifu na kuirudisha kesho yake, na shule haitapungukiwa na chochote isipokuwa Australia, ambayo haipo hata sasa. Hapo angalau Bi Hadiya akiniuliza nitakuwa na la kujibu.

Tatu, ikiwa hayo yote ni mazito, basi uaminifu uenee kwa wote. Kila mtu aliyewahi kupitia shule hii apewe cheti chenye wadhifa alioutekeleza kweli, kuanzia mlangoni hadi kwenye meza ya Bodi yenyewe, naye avae kadi shingoni kwa wiki moja. Najua kadi zitakuwa nyingi. Niko tayari kuziandika bila malipo, kwa sababu ya mwandiko wangu. Tukishamaliza, wilaya nzima itakuwa na vyeti vinavyolingana, na Bi Hadiya hataniona mimi tu kuwa mtu wa ajabu.

Naomba radhi kama kuna neno lililopita kiasi. Nikiandika huwa sijizuii, ndiyo sababu huwa siandiki sana.

Wasalimie wanabodi wote kwa majina yao, na mke wako Mama Nicholas, ambaye alitupa mandazi siku ya michezo. Msalimie mlinzi wa lango na mbwa wake, na wasichana wa Kidato cha Nne wa mwaka huu. Waambie wasome kwa bidii, na wakiambiwa wavae kitu shingoni waulize kwanza kitavuliwa lini.

Aliyekuwa mwanafunzi wako na, mpaka Bodi itakapoamua vinginevyo, mwizi wako,

Phelesia Adoyo.

N.B. Mzee, nilikuwa nimeshafunga bahasha, nikaifungua tena.

Trizah amenipigia simu leo asubuhi. Amesema amezungumza na Mwalimu Mkuu, na kwamba kuna njia: watatoa cheti kipya, na kwenye mstari wa nyadhifa wataandika "Hakuna". Aliniuliza, "Si ndivyo unavyotaka? Miaka minne, nyadhifa: Hakuna?" Nikasema nitafikiri.

Nimefikiri. Kifungu cha 6 si sahihi. Mwalimu Masese hakunichagua. Aliuliza ni nani atajitolea, darasa zima likainamisha vichwa, na mkono uliokuwa juu ni wangu. Ndiyo mara pekee niliyouinua katika miaka minne. Na zile wiki mbili za ziada, hakuna aliyenikataza kuivua kadi. Sikuuliza mtu, kwa sababu nikiwa nayo shingoni watu walinijua kwa jina.

Kwa hiyo msiandike "Hakuna", tafadhali. Acheni mwizi. Jumatatu hiyo ya tarehe 24 nitakwenda Homa Bay na cheti hichohicho, nimweleze Bi Hadiya mwenyewe, kwa mdomo.